Kijana kalazwa kwa kujijeruhi, daktari katamka "bodalaini": maswali tunayoulizwa kila siku

Mimi ni nesi wa wodi ya vijana, upande wa magonjwa ya akili. Maswali haya nimeyasikia koridoni, kwenye simu, mlangoni saa ya kuona wagonjwa, mpaka nikaona bora niyaandike yote sehemu moja. Mifano nimeichanganya, hakuna mtoto atakayejikuta humu. Na kama sa hivi wewe au mwanao yuko kwenye hatari ya kujiua, acha kusoma, asibaki peke yake, nendeni hospitali ya karibu au pigeni namba ya dharura ya mlipo. Haya mengine mtayasoma baadaye.

## Ya mwanzo kabisa

1. Bodalaini ni nini hasa? Ni kichaa?

Hapana, si kichaa. Ni tatizo la haiba, yaani namna mtu anavyohisi, anavyojiona na anavyoishi na watu, na wanaopenda Kiswahili kamili husema tatizo la haiba ya mpakani. Huo mpaka ndo unachanganya watu. Jina lilianza na daktari mmoja wa Marekani, Adolph Stern, mwaka 1938, alikuwa na wagonjwa ambao hawakukaa vizuri kwenye kundi la wenye wasiwasi wa kawaida wala kwenye kundi la waliopoteza uhalisia, akasema hawa wako mpakani. Leo hakuna daktari anayeielewa hivyo tena ila jina limeshaganda.

DSM, ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, uliliingiza rasmi 1980, na sasa una dalili 9 na mtu akiwa na 5 anaweza kuandikiwa: hofu kubwa ya kuachwa, mahusiano ya leo malaika kesho shetani, kutojijua wewe ni nani, kufanya mambo ya hatari bila kufikiri, kujijeruhi au kujaribu kujiua, hisia zinazopanda na kushuka ndani ya masaa, utupu usioisha, hasira isiyoshikika, na kushuku watu au kujihisi kama uko nje ya mwili wako pale stresi inapobana. Piga hesabu utaona: watoto wawili wanaweza wote kuwa na bodalaini na wakafanana dalili moja tu. Kwa hiyo ukimlinganisha wako na wa jirani kitanda cha pili utapotea.

2. Kujijeruhi si ndo kutaka kujiua?

Mara nyingi nia sio kufa, nia ni kuendelea kuishi dakika kumi zijazo bila kupasuka. Ila usiishie hapo ukapumua, manake vitu hivi viwili vinatembea pamoja. Mwaka 2006 Matthew Nock na wenzake walichapisha utafiti wa vijana 89 waliolazwa Marekani, wote walikuwa wamejijeruhi bila nia ya kufa ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 70 walishawahi pia kujaribu kujiua angalau mara moja, asilimia 55 zaidi ya mara moja. Ndo maana kila jeraha tunauliza upya: safari hii ulitaka nini kitokee? Jibu la wiki iliyopita halitumiki wiki hii.

Na kuuliza "unafikiria kujiua?" hakumpi mtoto wazo. Hili swali wazazi wanaliogopa kuliko kitu chochote. Uliza, tena kwa neno lenyewe, usizunguke.

3. Anatafuta kiki tu huyu, si ndiyo?

Anayetafuta kiki havai mikono mirefu kwenye joto. Wengi wanaficha miezi, wakati mwingine miaka, na wanapogundulika wanaona aibu mpaka hawali. Nock na Mitchell Prinstein waliwauliza vijana waliolazwa sababu zao, wakachapisha 2004, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzima hisia mbaya, mambo ya kuonwa na watu yalikuwa nyuma.

Sawa, wapo pia ambao jeraha ni ujumbe. Lakini mtoto anayelazimika kuandika ujumbe kwenye ngozi yake ina maana njia nyingine zote alishajaribu zikagoma, au hakuwahi kufundishwa. Hilo nalo linatibika. Kumpuuza ili "asizoee" kunamfundisha kitu kimoja tu, kwamba aongeze sauti.

4. Kila anayejijeruhi ana bodalaini?

Hapana kabisa. Ukikusanya tafiti za vijana wa kawaida mitaani na mashuleni, kama asilimia 17 wameshawahi kujijeruhi angalau mara moja, na wengi wanaacha bila hata kulazwa. Wodini picha inabadilika, kwenye wale 89 wa swali la 2 karibu nusu walifikisha vigezo vya bodalaini. Karibu nusu. Yaani hata kwa waliolazwa, ukirusha shilingi tu. Waliobaki wana sonona, wasiwasi, kiwewe, matatizo ya kula, dawa za kulevya, au mchanganyiko.

## Hilo jina na umri wake

5. Ana miaka 15. Huo si ubalehe tu?

Swali zuri, na hata madaktari walibishana nalo miaka mingi, wengine mpaka leo hawaandiki hili jina kabla ya miaka 18. DSM inaruhusu, ila kwa aliye chini ya 18 dalili ziwe zimedumu angalau mwaka mzima. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeacha kabisa kulitaja kama ugonjwa unaojitegemea: kwanza daktari anapima tatizo la haiba ni jepesi, la kati au zito, halafu akiona panafaa anaongeza kwamba lina sura ya mpakani.

Ubalehe ni kupigiza mlango kisha kesho mmeshasahau. Hapa tunaongelea mtoto ambaye urafiki kuvunjika ni mwisho wa dunia kila mara, sio mara moja, shule inaporomoka, na mwili unabeba alama. Pale Melbourne, Australia, timu ya Andrew Chanen ilifungua kliniki ya vijana tu kwa hoja kwamba kusubiri mpaka afike utu uzima ni kumpotezea miaka ambayo bado anapindika. Mimi niko upande wao. Nimeona waliosubirishwa.

6. Daktari wa kwanza alisema bipola, huyu anasema bodalaini, wa tatu kasema sonona. Tumwamini nani?

Angalia saa na kalenda. Bipola, ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, hisia zinakaa siku nyingi, wiki, mtu halali na hachoki, na si lazima kitu kimtokee ndo apande. Bodalaini hisia zinageuka mara kadhaa kwa siku moja na karibu kila mara ukirudi nyuma unakuta kuna mtu kati, kuna meseji, kuna mtu kachelewa. Sonona inakaa kama ukungu siku nzima. Kiwewe kinakuja na ndoto, kushtuka, kukwepa sehemu fulani.

Shida ni kwamba vinakaa pamoja, na wodini mtoto tunamwona siku chache akiwa kwenye hali yake mbaya kuliko zote. Binafsi jina lililoandikwa usiku wa kwanza nalisoma kwa penseli. Daktari mzuri atataka historia kutoka kwenu, kutoka shule, ataona akiwa ametulia, ndo aseme.

7. Ni sisi wazazi tumekosea?

Mama mmoja aliniuliza hivi kashika mkoba wake kifuani kama mtoto mchanga. "Sista, niambie ukweli, nimekosea wapi?" Nikamwambia mama, kaa kwanza.

Ukweli ni mchanganyiko. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi una sehemu kubwa, kuna watoto wanazaliwa ngozi ya hisia ni nyembamba, kinachomgusa mwenzake kinamchoma yeye. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba tatizo linakua pale mtoto wa aina hiyo anapokutana na mazingira yanayomwambia mara kwa mara "huna sababu ya kulia". Mazingira hayo si lazima yawe ya ukatili. Inaweza kuwa nyumba yenye upendo ambapo kila mtu ni mtulivu na huyu mmoja ndo moto, hawamwelewi tu. Lakini pia wapo wengi waliopigwa, walionyanyaswa kingono, waliotelekezwa, na hilo lazima liulizwe vizuri, mtoto akiwa peke yake, bila mzazi chumbani. Tukikuomba utoke nje usichukulie kwamba tumekushtaki.

## Ndani ya wodi

8. Mbona mnampekua na kumnyang'anya vitu vyake?

Kwa sababu hamu ya kujijeruhi inakuja kama wimbi, inapanda, inashuka, na kila dakika anayochelewa kufikia kitu ni dakika ambayo wimbi linaweza kushuka lenyewe. Sio adhabu. Tukimpekua bila kumweleza, hapo tumekosea sisi.

9. Nilimkuta mchana anacheka, saa mbili usiku napigiwa simu kajijeruhi. Kimetokea nini?

Hili nitalijibu kwa urefu, manake ndo moyo wa kazi yetu. Tunakaa naye na karatasi, tunarudi nyuma hatua kwa hatua, bila hasira na bila huruma ya kupitiliza, kama watu wanaotafuta bomba limepasuka wapi.

Binti wa miaka 16, amepewa ruhusa ya kulala nyumbani usiku mmoja. Aliporudi wodini, karatasi yake ilisomeka hivi: usiku uliotangulia kalala masaa matatu. Mchana hakula, alisema hana njaa. Saa kumi katuma meseji kwa rafiki, tiki mbili za bluu, kimya. Akaangalia simu, akaiweka, akaiangalia. Saa moja mama yake akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "mbona sahani hujaosha?" Masikio yake yakasikia: hata mama kanichoka. Saa moja na nusu kifua kinawaka. Saa mbili kasoro hahisi chochote, mikono kama sio yake. Saa mbili kajijeruhi. Saa mbili na dakika tano katulia. Saa mbili na robo aibu, na aibu hiyo ndo inaweka mtego wa kesho.

Mama alidhani ni sahani. Binti alidhani ni rafiki. Mimi nikiangalia ile karatasi naona sehemu saba ambazo mtu angeweza kuingiza mkono, na mbili za kwanza ni usingizi na chakula, vitu ambavyo havihitaji mtaalamu. Kwa hiyo kicheko cha mwanao mchana kilikuwa cha kweli, hakukudanganya. Kilichomkuta jioni nacho ni cha kweli.

10. Anampenda nesi mmoja na mwingine hataki hata kumwona. Huyo wa pili kamfanyia nini?

Labda kakataa kitu, labda kabadilisha zamu bila kuaga. Mtoto akiwa kwenye hofu ya kuachwa anagawa watu mafungu mawili, wazuri na wabaya, na ukiwa mzuri leo jiandae. Hatari kubwa ni sisi wafanyakazi tukianza kugawanyika naye, huyu anamtetea, yule anamwita msumbufu, na nyumbani pia inakuwa hivyo hivyo, baba na mama hawaongei. Dawa yake ni watu wazima kukubaliana kitu kimoja na kukisema kwa mdomo mmoja.

11. Eti wanaambukizana?

Ndiyo, inatokea. Mmoja akijijeruhi, wodi nzima inatetemeka, na wengine wanaweza kufuata. Ndo maana haturuhusu kuonyeshana makovu wala kusimuliana namna. Kuongelea kilichomuuma, ruksa. Kuongelea alifanyaje, hapana. Nyumbani na kwenye simu yake sheria iwe hiyo hiyo.

12. Mbona mnamruhusu mapema? Si akae mpaka apone?

Kulazwa ni kwa ajili ya kuvuka hatari, haiba haiponi kitandani. Akikaa sana anaweza kuanza kupoteza shule, marafiki, na anajifunza kwamba akiumia sana ndo anapata watu wa kumsikiliza masaa 24. Najua mzazi anasikia kama tunamfukuza. Ila kama bado ana mpango wa kujiua, au hakuna mtu mzima salama wa kukaa naye, hapo sema wazi kabla hamjasaini chochote, sema hata mara tatu. Jinsi ya kujiandaa iko swali la 16.

13. Dawa gani inatibu hii?

Hakuna dawa iliyopitishwa kwa ajili ya bodalaini yenyewe. Mwongozo wa mwaka 2009 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unasema wazi dawa zisitumike kutibu bodalaini wala dalili zake moja moja, na dawa ya kutuliza wakati wa kipindi kibaya isizidi wiki. Dawa zinakuwa na kazi kama kuna sonona au ugonjwa mwingine pembeni. Nikiona kijana ana dawa nne na hajawahi kukaa na mtaalamu wa kuongea naye, naumia. Lakini usimwachishe dawa ghafla kwa sababu umesoma hapa, ongea na daktari wake.

## Tiba yenyewe

14. Hiyo DBT ni kitu gani?

Ni tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa na Linehan wa swali la 7. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa 1961 akiwa na miaka 17, huko Connecticut, akijijeruhi vibaya. Kwa hiyo anaongelea kitu alichokipitia.

Kwa vijana inakuwa na mtaalamu wake mmoja kila wiki, darasa la ujuzi ambalo mzazi naye anakaa (ndiyo, na wewe una homuwek), na simu ya kupiga katikati ya wiki mambo yakichacha. Wanafundishwa kutaja hisia kwa jina, kuvuka wimbi bila kuharibu kitu, kuomba na kukataa bila kuvunja urafiki. Kuna kadi ya kila siku ambapo anaandika hamu ya kujijeruhi imefika ngapi. Hospitali nyingine hutumia 0 hadi 5, sisi 0 hadi 10.

Ushahidi upo. Norway 2014, timu ya Lars Mehlum ilifuatilia vijana 77, wiki 19 za DBT, waliopata walipunguza kujijeruhi kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Marekani 2018, vijana 173, matokeo mazuri pia tiba ilipoisha, ingawa mwaka ulipotimia tangu waanze, tofauti na kundi lingine ilipungua. Na sio DBT peke yake, London 2012 walijaribu tiba inayomfundisha kijana kusoma kilichomo kichwani mwake na mwa wengine, vijana 80, ikasaidia. Kama mlipo hakuna hata moja, mtafute mtu mmoja anayeweza kukaa naye kila wiki bila kukimbia, na ile karatasi ya swali la 9 mnaweza kuijaza hata jikoni.

15. Tumsainishe karatasi kwamba hatajikata tena?

Msifanye. Hiyo inamlinda mwenye karatasi, haimlindi mtoto, na akiteleza atakuficha kwa sababu kavunja ahadi. Andikeni mpango badala yake, kwa maneno yake mwenyewe: dalili zangu za mwanzo ni hizi, nikizihisi nafanya hiki, ikishindikana naenda kwa huyu, ikishindikana tena tunaenda hospitali. Watu wawili watatu kwa majina na namba. Aibandike anapopaona.

## Kurudi nyumbani

16. Wiki ya kwanza tufanye nini?

Siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka ndo za hatari kuliko zote, msifanye sherehe mkalegea. Dawa zote za nyumba, hata za bibi, zifungiwe, na vitu vya hatari viondoke anapofikia, na mwambie kwamba umefunga na kwa nini. Miadi ya kliniki iwe na tarehe kabla hamjatoka wodini, isiwe "mtapigiwa". Usingizi na chakula mnavikumbuka kutoka swali la 9.

17. Nikiona jeraha jipya niseme nini?

Kwanza jeraha: kama ni kubwa au damu haikati, hospitali, kama kameza kitu chochote, hospitali hata kama anaonekana mzima. Kama ni dogo, saidieni kusafisha, kwa utulivu wa mtu anayefunga kidonda cha goti. Kisha maneno machache. "Nimeona. Siondoki. Ulikuwa unataka kufa?" Usubiri jibu. Mengine, karatasi na maswali, mpaka kesho.

Epuka "unataka kuniua mimi?" Najua linatoka lenyewe. Na jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: siku ambazo hakuna jeraha ndo ukae naye sana, mtembee, mcheke. Ukimpa muda wako siku za damu tu, umeshaelewa nitasema nini.

18. Shule na ndugu tuwaambie?

Mwalimu mmoja anayeaminika, kwa ruhusa ya kijana. Ndugu wengine "alikuwa hospitali, anaendelea vizuri" inatosha.

## Yale ya pembeni

19. Mvulana anaweza kuwa nayo?

Anaweza. Wodini tunaona wasichana zaidi, lakini mvulana anayejipigiza ukuta mpaka vidole vinavunjika watu wanamwita mkorofi, anaishia kufukuzwa shule badala ya kuletwa kwetu. Hiyo nayo ni kujijeruhi.

20. Alikaa miezi minne vizuri, jana karudia. Tumeanza upya?

Hapana. Miezi minne haijafutika. Jazeni karatasi, tafuteni kiungo kipya, mara nyingi ni mtihani, kuachwa, au mtaalamu wake kaenda likizo. Ila nia iulizwe upya, swali la 2.

21. Atapona au ni ya maisha?

Mary Zanarini alifuatilia watu wazima 290 waliowahi kulazwa na bodalaini huko Massachusetts, na ndani ya miaka 10 asilimia 93 walikaa angalau miaka miwili mfululizo bila kufikisha vigezo vya ugonjwa. Kazi na marafiki vilichelewa zaidi, karibu nusu ndo walisimama vizuri upande huo pia. Kwa hiyo msiache shule ya mtoto ikafa mkisubiri dalili ziishe.

22. Mimi ndo kijana mwenyewe. Wimbi likija na sijui kusema, nifanye nini?

Toka chumbani, nenda alipo mtu, hata kama hamtaongea. Maji ya baridi usoni huku umeshika pumzi kidogo yanashusha mapigo ya moyo (kama una shida ya moyo au ya kula muulize daktari kwanza). Na huna haja ya kueleza. Kuna binti hapa wodini wiki tatu hakutusemesha, usiku mmoja alikuja dirishani kwetu, akasukuma kipande cha karatasi kimeandikwa 8, akabaki amesimama. Nikavuta kiti cha pili. Tulikaa mpaka akaandika 5, ilikuwa kama saa nane na nusu hivi, akaenda kulala.